Mtoto Akilala Amepinda Shingo, Msimnyooshe

Salamu nimezitoa moyoni na Mungu amezisikia. Hapa kwenye karatasi naanza na ugomvi.

Nimefagia, nimepiga deki na nimetandika vitanda vya wodi ya watoto tangu nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili mpaka siku magoti yangu yalipokataa. Masomo yangu ni darasa la tatu, na ngumbaru ya jioni baadaye. Kofia ya muuguzi sikuwahi kuvaa. Lakini watoto waliolala mbele ya macho yangu ni wengi kuliko mbuzi wanaoshushwa sokoni siku ya mnada. Kwa hiyo nyinyi vijana wa wodi na kliniki, mlio na vyeti ukutani na simu mbili mfukoni, na nyinyi mabinti mnaolea mtoto wa kwanza, kaeni chini. Naandika kuhusu mtoto anayekabwa na koo lake mwenyewe akiwa usingizini, huku watu wazima wamekaa pembeni na chai wanacheka: "Sikia huyu, anakoroma kama lori la miraa."

Mimi pia nilicheka. Nalisema mapema ili msidhani najitoa.

Hibaq ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Fardosa. Wanakaa Waberi, hapa Garissa, geti la tatu kutoka langu. Alikuwa na miaka sita, mwembamba kama kijiti cha mswaki, na akilala nyumba nzima ilijua. Tulisema amerithi kwa babu yake, marehemu mume wangu, ambaye alikuwa akikoroma mpaka paka anahama. Tulimtania asubuhi: "Hibaq, umefika Nairobi na lori lako?" Yeye hacheki. Anaamka na kichwa kinamuuma, godoro limelowa, hasira juu ya hasira. Dugsi, huko wanakosoma Kurani, alikuwa anasinzia na ubao mkononi. Nilipomwuliza macallin, mwalimu wake, anasinzia saa ngapi, akaniita bibi kwa Kisomali: "Muda wote, Ayeeyo. Huyu ana shetani wa uvivu."

Nikamwambia, "Shetani hana mafindofindo. Fimbo yako iweke kwa mbuzi."

Lakini hata siku hiyo nilikuwa bado sijaona. Niliona wiki moja baadaye, baada ya adhuhuri, ile saa ambayo Garissa nzima inafunga duka na kujilaza kwa sababu jua halina huruma. Niliingia kwa Fardosa kuchukua birika langu. Hibaq alikuwa amelala kibarazani, kichwa kimening'inia nje ya godoro, shingo imevutwa nyuma kama ya mbuzi anayesubiri kisu, kidevu kinatazama mabati. Mdomo wazi. Alipovuta pumzi, mbavu zilizama ndani mpaka ungeweza kuzihesabu.

Birika liliniponyoka. Si kwa sababu ya Hibaq. Kwa sababu ya Adan.

Adan alikuwa wa miaka minne, ameletwa kutoka Buna, kule juu Wajir Kaskazini. Ni safari ya lori na vumbi ambayo mtu mzima anaifika akiwa nusu mgonjwa. Mama yake alizungumza Kiborana tu. Mimi nina Kisomali na hiki Kiswahili changu. Wakati huo nilikuwa kijana, nina nguvu, na nilikuwa na sifa moja: vitanda vyangu vilinyooka. Sista mkuu wa siku hizo alikuwa na sheria kwamba daktari akiingia raundi, vitanda viwe mstari mmoja, shuka likunjwe pembe, na kila mtoto alale chali, kichwa sawa na mguu, kama rula. Aliniita mbele ya wenzangu akasema, "Tazameni wodi ya huyu." Nilivimba kichwa. Mtu wa darasa la tatu akisifiwa na sista mkuu, mnadhani atafanya nini? Atanyoosha zaidi.

Na Adan hakutaka kunyooka. Mama yake alikuwa anakunja mtandio wake mwekundu, anauingiza chini ya mabega ya mtoto, kichwa kinaanguka nyuma, shingo inafunguka, na mtoto anatulia. Mimi napita, naona kitanda kimevurugika, nautoa mtandio, namnyoosha Adan, naendelea. Narudi, nakuta mtandio umerudi. Nautoa. Siku nne tulifanya mchezo huo. Siku moja alinishika mkono, akaonyesha kooni mwake, akasema neno moja la Kiswahili alilolijua.

"Hewa," akasema. "Hewa, mama. Hewa."

Nikamjibu, "Hewa iko tele, dirisha liko wazi. Hapa si boma, hapa ni hospitali."

Maneno hayo nimeyaandika kama nilivyoyasema. Yasomeni tena.

Siku ya tano, kati ya adhuhuri na alasiri, Adan alifariki akiwa amelala. Kwenye faili waliandika mapafu na moyo. Alikuwa amenyooka vizuri sana. Mama yake aliukunja ule mtandio mara nne, akauweka kwapani, akatoka.

Sisemi mkono wangu ndio uliomuua. Sisemi pia si mkono wangu. Ninalosema ni kwamba yule mama hakuwa na mashine, hakuwa na lugha, hakuwa na mtu, na alikuwa ameshautambua ugonjwa wa mwanawe kwa mtandio tu. Na mimi, mwenye ajira, niliuondoa.

Aliyenifungua macho ni Sista Wanza. Alikuwa Mkamba, mfupi, amehamishiwa kwetu mwezi huo huo, analalamika joto kutwa nzima. Jioni ile aliniita kwenye chumba cha kuoshea mabeseni. Nilidhani ananifariji. Alinilaza kwenye benchi la mbao, akanikandamiza kidevu mpaka kikagusa kifua, akanibana pua nusu.

"Pumua," akasema.

Nikavuta. Ikaingia kidogo sana, kama kunyonya uji mzito kwa mrija.

Akaninyanyua kidevu, akavuta kichwa nyuma. "Sasa?"

Ikaingia yote.

"Yule mtoto alikuwa anatafuta njia," akasema. "Nyuma ya pua na kooni kumejaa nyama. Akiwa macho anaishikilia njia ikae wazi. Akilala, nyama zinalegea, njia inafungwa. Yeye anaifungua kwa shingo. Wewe unaifunga tena. Umenielewa, au nikubane tena?"

Nilielewa. Na sikulala vizuri muda mrefu.

Sista Wanza ndiye aliyenifundisha kumtazama mtoto aliyelala. Nawapa bure, maana kwenye vitabu vyenu sijui mlikuwa mnasoma nini. Kwanza, kifua kinadanganya. Njia ikifungwa, kifua na tumbo bado vinapanda na kushuka, tena kwa vita, kimoja kinaenda juu kingine chini, na mtu wa haraka anasema, "Anapumua huyu, si unaona?" Hapumui. Anajaribu. Lowesha nyuma ya kiganja chako, uweke karibu na pua na mdomo. Ngozi iliyolowa inahisi upepo mdogo sana. Kifua kikitembea na kiganja kikikosa upepo, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kuhesabu kulinishinda mwanzoni. Siwezi kutazama saa ya ukutani, na mtoto, na kujumlisha, vyote pamoja. Nikatumia tasbihi. Pumzi ikikatika, nasema Subhanallah moyoni, polepole, nasogeza shanga moja, nyingine, nyingine, mpaka ile pumzi ya kushtuka irudi. Halafu natazama nimesogeza ngapi. Sista Wanza alipima tasbihi yangu kwa saa yake ya kifuani akakuta shanga moja ni karibu sekunde moja. Akacheka. "Mungu wako ana saa nzuri," akasema. Toka siku hiyo, akiwa na shaka na mtoto, alikuwa ananiita: "Leta shanga zako." Shanga kumi kwa mtoto ni nyingi. Hata pumzi mbili zikikosekana mfululizo, tena na tena, usiondoke hapo ukaenda kunywa chai.

Halafu kuna maswali. Mengine ya kwenye makaratasi yananichekesha. Eti mtoto anatoka jasho akilala? Garissa! Nani hapa halali kwenye jasho, hata kuta zinatoka jasho. Mwulize mama yale ya maana. Anakoroma karibu kila siku, au akiwa na mafua tu? Umewahi kukaa ukangoja apumue? Umewahi kumtikisa kwa hofu? Analala na shingo namna gani, au analala amekaa? Kitanda kinalowa wakati alikuwa ameshaacha? Anaamka na kichwa kinauma? Mchana anasinzia, au amekuwa mkorofi asiyekaa chini? Hilo la mwisho linawapita wengi wenu. Mtoto asiyelala vizuri si lazima asinzie, wengine wanaruka kama ndama, na mnawaita watundu.

Sasa nirudi kwa Hibaq, maana naona damu inapanda.

Niliwapeleka Fardosa na mtoto kliniki. Mara ya kwanza walimpa sharubati ya kuua vijidudu. Mara ya pili wakasema ni vumbi, wakampa dawa ya mafua, ile inayolaza. Mtoto anayekabwa akilala mnampa dawa ya kulala! Mara ya tatu, siku ya Jumatano, tulimkuta Yussuf. Yussuf ni kijana wa Galbet, hapa hapa mjini. Alipokuwa mdogo alilazwa kwetu kwa kuhara, na mikono hii ndiyo iliyomwosha. Leo ni daktari, ana koti jeupe, ana ndevu za kuchongwa. Nampenda. Siku hiyo nilitaka kumchapa.

Alisikiliza kifua, akaandika, hakumtazama mtoto usoni.

"Ayeeyo," akasema, "hii naona ni ile ya kukatika pumzi usingizini. Uko sawa kabisa. Lakini haithibitishwi hivi hivi. Kuna mashine Nairobi. Wanamlaza mtoto, wanamfunga nyaya kichwani na kifuani, wanamrekodi hadi asubuhi."

"Na foleni yake?"

"Miezi. Inategemea."

"Na mpaka hiyo miezi ifike?"

"Mpaka hapo, mwangalieni tu."

"Yussuf," nikamwambia, "miaka yote ile wodini nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naangalia. Mashine ni mimi. Niulize mimi!"

"Tulia basi, Ayeeyo. Watu wanasikiliza."

"Acha wasikilize. Umemfungua mdomo?"

Hakuwa amemfungua. Watu watatu, ziara tatu, na hakuna hata mmoja aliyewasha tochi ya simu akatazama koo. Nilitoka nje. Sisemi mashine ya Nairobi ni mbaya. Kuna watoto ambao hali yao imefichika, wanaihitaji. Lakini mtoto anayeonekana wazi mchana kweupe mnamweka kwenye foleni ya kumtafuta? Mtu ameshika mwizi mkononi, nyinyi mnamwambia asubiri mbwa wa polisi.

Na muda hatukuwa nao, kwa sababu ya Dahabo.

Dahabo ni mama wa mkwe wangu, ayeeyo wa pili wa Hibaq. Ni mwanamke wa imani, mkarimu, na kichwa chake ni jiwe. Jioni ya Jumatano hiyo hiyo alikuja kwa Fardosa akatangaza, "Jumamosi nampeleka mtoto kwa mzee. Kilimi kimeota tena."

Wageni labda hamjui. Huku kwetu mtoto akikohoa, akikataa ziwa, akikoroma, wapo wanaosema kilimi kimerefuka, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wanampeleka kwa mzee mwenye waya uliopinda na wembe, anakikata. Hibaq alikatwa akiwa na siku arobaini. Alikuwa hana cha kukatwa tena.

"Kilimi si kucha, Dahabo," nikamwambia. "Hakioti."

"Mbona anakoroma?"

"Kwa sababu hakikuwa kilimi tangu mwanzo."

"Wewe hospitali ilikuharibu," akasema. "Ulikuwa unafagia kule, sasa umekuja kuwa profesa."

"Ndiyo, nilifagia. Na damu niliyofagia, nyingine ilikuwa ya watoto waliotoka kwa huyo mzee wako."

Fardosa alikuwa katikati yetu na bakuli la wali mkononi, analia bila sauti. Mumewe alikuwa njiani na mbuzi, anawapeleka Nairobi. Tulimpigia. Mtandao ulikuwa mbovu, tukasikia maneno mawili tu, "Msikilizeni mama," halafu ikakatika. Dahabo akasema mama ni yeye. Nikasema mama ni mimi. Kama si kooni mwa mtoto, ningecheka.

Basi tulikuwa na Alhamisi peke yake. Ijumaa kliniki imefungwa, Jumamosi ni wembe. Na koo lile jembamba, likivuja damu na kuvimba, njia ndogo iliyobaki ingefungwa kabisa. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Nilimwambia Fardosa, "Simu yako ina video mia za harusi. Nipe tatu za mtoto." Nikamweleza: taa iwake, shati livuliwe, kifua na tumbo na uso vyote vionekane, mtu asiseme neno, na usipige chini ya dakika mbili. Video ya kwanza haikufaa. Pumzi ilipokatika tu, aliitupa simu akamtikisa mtoto. Simlaumu, ni mama. Lakini nyinyi mnaopiga, hapo ndipo msizime. Hapo ndipo penye ushahidi. Ile ya tatu ilikuwa nzuri. Nzuri! Tazameni ninavyosema.

Alhamisi tulifika kliniki saa nane, jua limesimama kichwani, benchi la kibarazani limejaa akina mama. Hibaq nilikuwa nimemshibisha wali na maziwa kwa makusudi. Yussuf alirudi kutoka kusali, akaniona, akapunguza mwendo.

"Ayeeyo, jana tulizungumza."

"Jana ulizungumza wewe. Leo tazama."

Nikampa simu. Alitazama kidogo tu, kidole tayari juu ya kioo. "Video za simu, Ayeeyo, wakati mwingine sauti inadanganya, mwanga unadanganya..."

"Sawa," nikasema. "Sogeeni, mabinti."

Nikawahamisha akina mama watatu, nikatandika leso yangu kwenye benchi, nikamwambia Hibaq, "Lala, hooyo," yaani mama, maana kwetu hata mtoto tunamwita hivyo.

Na mtoto akalala. Fikirieni hilo kwanza. Kliniki ina kelele, watoto wanalia, pikipiki inanguruma getini, na mtoto wa miaka sita anazimika kama taa kabla sijamaliza kumvua viatu. Mtoto mzima hafanyi hivyo. Nikamwambia Yussuf, "Andika na hiyo."

Mkoromo ukaanza. Wakacheka wawili watatu pale benchini, kama sote tunavyocheka. Nikalowesha kiganja kwa maji ya chupa, nikakiweka karibu na pua yake. Mkono wa pili nikashika tasbihi. "Kile kibanio chako cha kidole kiko wapi?" nikamwuliza Yussuf. Zamani kifaa hicho kilikuwa kimoja hospitali nzima, kimefungiwa kabati la chumba cha upasuaji, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa mtu mmoja ambaye siku zote alikuwa ameenda chai. Tangu korona viko kila duka la dawa. Galbet nimeona mtoto anabania nacho nywele za mwanasesere. Kinasoma damu imebeba hewa kiasi gani, na hakina makuu. Yussuf alikitoa mfukoni. Mfukoni! Hata jana alikuwa nacho.

Kikasoma tisini na sita.

Mkoromo ukakatika.

Kifua kinapanda, tumbo linashuka, mbavu zinazama. Kwenye kiganja changu, hakuna. Nikasogeza shanga. Moja. Mbili. Kicheko kikakatika pia. Nne. Tano. Mama mmoja akanong'ona, "Naa, mbona hapumui huyu?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, bibi anahesabu." Tisa. Kumi. Yussuf alikuwa ameinua mkono wake na saa, midomo inatembea, naye anahesabu. Kibanio kikasoma tisini. Themanini na saba. Hibaq, usingizini, akaanza kuvuta kichwa nyuma, nyuma, anatafuta njia.

Na Yussuf, kijana wangu niliyemwosha, akanyoosha mkono kukirudisha kichwa mahali pake. Kukinyoosha.

Nilimpiga kofi la mkono, mbele ya wagonjwa wake wote.

"Mwache!" nikasema. "Mwache apinde!"

Shanga ya kumi na nne, pumzi ikarudi kwa mshindo, mwili mzima ukaruka, na mkoromo ukaanza upya kama hakuna kilichotokea. Kibanio kilikuwa themanini na nne. Ilitokea tena. Ikatokea tena. Ya tatu Yussuf hakuhitaji shanga zangu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na koti lake jeupe, uso karibu na wa mtoto, na alikuwa amekilowesha kiganja chake mwenyewe.

Na msije mkanielewa vibaya mkasema, tulimlaza kidogo mchana hakufanya hivyo, basi ni mzima. Hapana. Ukiona mchana, umeona. Usipoona, hujamaliza kutazama, karekodini akilala usiku. Na kibanio kikisoma vizuri pia, msimfukuze mama. Vinavyosema ndiyo, aminini. Vinavyosema hapana, ulizeni tena.

Hibaq alipoamka Yussuf alimfungua mdomo, hatimaye, kwa tochi ya simu. Mafindofindo yalikuwa makubwa mpaka yanagusana katikati. Aliniita nitazame. Nikamwambia, "Mimi nimeshaona. Tazama wewe."

Alimpigia daktari wa masikio na koo, akamtumia ile video na kile alichoandika kutoka kwenye kibanio. Nilisikia jibu, maana simu za siku hizi zinapiga kelele: "Huyu sihitaji nyaya kumjua. Mleteni Jumatatu." Maneno kumi hayafiki. Ziara tatu, miezi ya foleni, mtoto anapigwa dugsi, na jibu lilikuwa ndani ya simu ya mama yake na mfuko wa daktari wake.

Jumamosi Dahabo alikuja amejifunika tayari kwa safari. Fardosa, binti yangu mpole ambaye hajawahi kumjibu mkwe, alimpa simu. "Mama, tazama kwanza. Mpaka mwisho." Dahabo alitazama. Pale pumzi ilipokatika, mkono wake ukaenda mdomoni. Ukakaa hapo mpaka video ikaisha.

"Nilidhani ni mkoromo," akasema.

"Sote tulidhani," nikamjibu.

Operesheni ilifanyika. Walimtoa mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, wakamlaza wodini wakimwangalia, na Fardosa hakufumba jicho. Wiki mbili za uji wa baridi na manung'uniko. Halafu siku moja, saa ile ile ya baada ya adhuhuri, nikiwa nimejilaza, geti langu lilipigwa teke.

"Hooyo!" Alikuwa Fardosa, peku, kichwa wazi. "Hooyo, njoo! Hibaq hasikiki!"

Sijui magoti yangu yalitoka wapi. Tulikimbia mageti yale matatu kwenye mchanga unaochoma. Hibaq alikuwa kibarazani, juu ya godoro, amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, mdomo umefungwa. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Hakuna aliyemnyoosha. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nilisikia mabati yakilia kwa joto.

Nililowesha kiganja, nikakiweka. Upepo ulikuwepo, mdogo, wa sawasawa. Nikatoa tasbihi nikangoja pumzi ikatike. Nilingoja sana. Fardosa alikuwa amekaa chini, anacheka na kulia, anasema hajawahi kumsikia mtoto wake akilala kimya tangu amzae. Mimi sikusogeza hata shanga moja.

Mnataka nimalize kwa furaha? Nilifurahi, Alhamdulillah. Kisha nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi ya nilivyotoka. Kwa sababu mtoto wa Buna naye hakuhitaji makubwa ili aonekane. Alihitaji mtu mmoja aketi karibu naye na aangalie, na akimkuta amepinda, aulize kwa nini. Mtu huyo alikuwepo. Alikuwa na ajira, alikuwa na macho, alikuwa amesimama pale pale pembeni ya kitanda, na mtandio mwekundu wa yule mama ulikuwa mkononi mwake.